Treni ya Pili

Charlie Chaplin wengi tunamjua, hata kama ni kwa vipande vya kwenye simu. Leo namleta mwenzake wa zama zile, Buster Keaton, yule asiyecheka. Naanza na mwisho wa filamu yake moja, maana kwangu umebeba maisha yake yote.

One Week ni filamu ya kimya ya mwaka 1920, dakika kama 20 hivi. Maharusi wanapewa zawadi ya nyumba iliyo kwenye makasha yenye namba, waiunganishe wenyewe. Jamaa aliyekataliwa na bibi harusi anachezea zile namba. Nyumba inatoka imepinda kila upande, na dhoruba inaizungusha kama pia. Halafu wanaambiwa kiwanja si chao. Wanaikokota kwa gari, inakwama juu ya reli, na treni hiyo inakuja. Wanaziba macho. Kumbe inapita reli ya pembeni! Wanashusha pumzi. Mara treni nyingine inatokea upande wa pili, puu, nyumba imekuwa kuni. Buster anaweka kibao cha kuiuza, anabandika na karatasi ya maelekezo ya ujenzi, anamshika mkewe mkono, wanaondoka.

Keaton alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1895, wazazi wake wakiwa wasanii wa jukwaani. Tangu mdogo baba yake alimrusha huku na huku mbele ya watu, naye akagundua kwamba akikausha uso ndipo wanacheka zaidi. Mwaka 1917 aliingia kwenye filamu kupitia Roscoe Arbuckle, na miaka ya 1920 alikuwa na studio yake.

Katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, ukuta mzima wa nyumba unamwangukia, anapona kwa sababu kasimama penye uwazi wa dirisha. Hiyo ilikuwa treni aliyoiona. Ya pili ilikuwa mkataba wa MGM, aliousaini mwaka huohuo. Uhuru wa kutengeneza kazi zake ukaisha, pombe ikamzidi, ndoa ikavunjika 1932, na 1933 MGM wakamfukuza.

Baadaye alirudi palepale MGM kuwatungia wengine vichekesho, kwa malipo madogo. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, akaishi naye hadi alipofariki mwaka 1966. Oscar ya heshima aliipata 1960.

Hapa chuo tunajiandaa kwa treni tunayoiona, yaani mitihani. Inayotugonga mara nyingi ni ile nyingine: mkopo haujaingia, mzazi kaugua, ada imekwama. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alidisko, akaondoka usiku bila kuaga mtu. Nyumba ya Keaton nayo haikupona. Ila yeye aliondoka mchana, mbele za watu, na mkono wake ulikuwa umeshikwa. Huyu wetu tungemsindikiza hata hadi stendi.