Emin Pasha: Mpenzi wa Ziwa Albert aliyeanguka katika karamu ya Bagamoyo

WAKAZI wa Dar es Salaam wanaokwenda kupumzika Bagamoyo mwishoni mwa juma hupita Bunju, Mapinga na Kerege, na baada ya muda mfupi huwa wamefika katika mji wa upepo wa bahari, samaki wa kukaanga na magofu ya kale.

Ni wachache kati yao wanaojua kwamba katika mji huo, usiku wa Desemba 4, 1889, ilifanyika karamu iliyokatiza safari ya mtu aliyekuwa akiandikwa na magazeti ya Ulaya nzima.

Mtu huyo ni Emin Pasha, daktari, gavana na mtafiti wa ndege, ambaye dunia ilitaka kumwokoa huku mwenyewe akisita kuokolewa.

Alizaliwa Machi 28, 1840 katika familia ya Kiyahudi mjini Oppeln, jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Prussia na leo mji huo uko Poland. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Isaak Eduard Schnitzer. Baba yake alifariki angali mtoto, na mama yake alipoolewa tena na Mkristo, kijana huyo alibatizwa katika Ulutheri.

Alihitimu udaktari mwaka 1864, lakini hakuruhusiwa kuifanya kazi hiyo kwao. Akaenda kuitumikia dola ya Waturuki, akajifunza lugha nyingi na kuishi kwa desturi za Kiislamu. Alipofika Khartoum, Sudan, mwishoni mwa mwaka 1875, alikuwa akiitwa Emin, jina lenye maana ya mwaminifu.

Mwaka 1876 Charles Gordon, aliyekuwa akitawala jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan kwa niaba ya Misri, alimfanya mganga mkuu wa jimbo hilo. Emin alitumwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, kisha kwa Omukama Kabalega wa Bunyoro. Mwaka 1878 akateuliwa kuwa gavana.

Kazi ya utawala haikumzuia kufuata kile alichokipenda zaidi. Kila alikopita alipima hali ya hewa, aliandika maneno ya lugha za wenyeji, na kukusanya ndege, wanyama na mimea ambayo aliipeleka kwa wataalamu wa Ulaya. Shomoro mmoja mwenye rangi ya hudhurungi, anayeonekana hadi kaskazini mwa Tanzania, bado anabeba jina lake katika vitabu vya sayansi.

Mwaka 1881 yalizuka mapambano ya Mahdi nchini Sudan. Khartoum ilianguka Januari 26, 1885 na Gordon akauawa. Emin, akiwa amekatika mawasiliano na Misri, alihamia Wadelai, ukingoni mwa Mto Naili, kaskazini kidogo ya Ziwa Albert.

Ziwa hilo, ambalo watu wa Bunyoro wanaliita Mwitanzige, lina urefu wa takriban kilometa 160. Liko katika Bonde la Ufa, kati ya nchi ambazo leo ni Uganda na Kongo, likiwa na viboko, mamba, makundi ya ndege wa majini na samaki wakubwa aina ya sangara.

Hapo Emin alijenga maisha yaliyokuwa na utulivu wake. Watu wake walilima mahindi, mboga na pamba, walifuma nguo na kushona viatu. Meli mbili ndogo za mvuke zilipita kati ya vituo vyake. Alikuwa pia na binti mdogo, Ferida, aliyezaliwa na mama kutoka Uhabeshi.

Huko Ulaya, hata hivyo, alionekana kuwa mtu aliyezingirwa na anayesubiri kifo. Ukaundwa msafara wa kumwokoa chini ya Henry Morton Stanley. Pamoja na huruma hiyo yalikuwapo maslahi: pembe za ndovu zilizosemekana kurundikwa katika jimbo lake, biashara ya kampuni ya Waingereza, na tamaa ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ya kupanua milki yake ya Kongo.

Stanley aliondoka Zanzibar Februari 1887 akiwa na wapagazi zaidi ya 600 walioandikwa visiwani humo. Walizunguka kwa meli hadi mdomo wa Mto Kongo, kisha wakapenya msitu wa Ituri, ambako njaa, maradhi na mishale ilimaliza wengi wao.

Aprili 29, 1888 Emin alifika kwa meli yake kumlaki Stanley kando ya ziwa. Aliyekuja kuokolewa alikuwa amevaa nguo safi, na waokoaji walikuwa wamechakaa. Stanley alifungua chupa za shampeni alizozibeba kutoka Kongo, lakini chakula na nguo za kuwafaa watu wake vilitoka kwa Emin.

Kwa karibu mwaka mzima Emin alisitasita kuondoka. Uamuzi ulitoka mikononi mwake Agosti 1888, pale askari wake walipoasi na kumweka kizuizini kwa miezi kadhaa. Aprili 1889 msafara wa watu wapatao 1,500 uliliacha ziwa na kuelekea pwani. Wengi walifia au kuachwa njiani.

Walipoingia Bagamoyo, mji ulikuwa umetoka tu vitani. Majeshi ya Ujerumani chini ya Hermann Wissmann yalikuwa yamewashinda watu wa pwani walioongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani siku 11 baada ya karamu hiyo.

Wissmann aliwaandalia wageni chakula na mvinyo katika nyumba ya ghorofa ya maofisa. Barabarani, wapagazi walionusurika walikuwa wakisherehekea kurudi kwao. Emin, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu mno, aliinuka mezani, akapitiliza kwenye uwazi wa ghorofani na kuanguka hadi chini.

Aliumia vibaya kichwani na kulazwa kwa wiki nyingi. Stanley alivuka kwenda Zanzibar bila ya mtu aliyemfuata kwa karibu miaka mitatu, na ambaye gharama ya kumfikisha pwani ilikuwa maisha ya mamia ya watu.

Alipopona, Emin hakwenda Ulaya wala Misri. Aliingia katika utumishi wa Ujerumani, na Aprili 26, 1890 aliondoka Bagamoyo akirudi bara. Novemba mwaka huo alianzisha kituo cha Bukoba, kando ya Ziwa Victoria, ambacho kimekuwa mji hadi leo.

Lakini Mwitanzige bado lilimvuta. Mwaka 1891 alisonga kaskazini hadi nchi iliyo jirani na ziwa hilo, ingawa mkataba wa Julai 1890 ulikuwa umeiweka Uganda mikononi mwa Waingereza. Aliwakuta askari wake wa zamani, nao wakakataa kumfuata kwa kuwa hakuwa tena mtumishi wa Misri.

Ndui ikaupiga msafara. Emin, akiwa karibu kipofu, alimrudisha msaidizi wake Franz Stuhlmann pamoja na waliokuwa wazima, kisha akaelekea magharibi kwenye misitu ya Kongo. Huko, Oktoba 1892, aliuawa kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakuu wa Waarabu na Waswahili wa Kongo ya juu. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Binti yake Ferida alilelewa Ujerumani na ndugu za baba yake. Huko Bukoba ulibaki mji, na katika makumbusho ya Ulaya ndege alioukusanya mkono wake. Wapagazi wa Zanzibar walioachwa katika msitu wa Ituri hawakupata hata kaburi lenye jina.