Alice Hamilton, daktari aliyetetea wafanyakazi na watoto wao

Tunawaletea maisha ya mama mmoja wa Marekani, Alice Hamilton. Alizaliwa mwaka 1869, akakulia Fort Wayne katika jamaa ya Wapresbiteri. Akiwa kijana alitamani kuwa daktari mmisionari huko Uajemi. Lakini shamba lake la utume lilikuwa karibu zaidi. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1893, na mwaka 1897 akaenda kukaa Hull House, Chicago, kati ya wahamiaji maskini.

Mwaka 1910 jimbo la Illinois lilimpa kazi ya kuchunguza sumu ya risasi, yaani madini yaliyotumika katika rangi na mabafu. Hakungoja ofisini. Aliingia viwandani, alisoma vitabu vya hospitali, alibisha hodi nyumbani kwa wagonjwa. Mkuu mmoja wa National Lead Company alikataa kwamba watu wake wanaugua. Alice alimletea visa 22 vilivyothibitishwa, naye akakubali kurekebisha viwanda. Mwaka 1911 Illinois ilitunga sheria ya kuwalinda wafanyakazi.

Mwaka 1919 aliandika juu ya wanawake wanaofanya kazi na risasi. Alionyesha kwamba sumu hiyo haiishii kwa mama: mimba zinatoka, watoto wanazaliwa wamekufa au wanakufa wachanga. Baba mwenye sumu mwilini naye anaweza kuumiza uzazi. Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard, ingawa hakuruhusiwa kuandamana na walimu wenzake siku ya mahafali. Alifariki mwaka 1970, akiwa na miaka 101.

Kwa nini tunamkumbuka huku mashariki? Kwa sababu katika machimbo yetu ya dhahabu mama wajawazito wanatwanga mawe, na zebaki inachomwa karibu na jiko, mtoto akiwa mgongoni. Moshi wake unaingia mwilini mwa mama na kumfikia mtoto tumboni. Mimba ikitoka, mara nyingi tunamshitaki jirani kwa uchawi, au tunamlaumu mama mwenyewe. Alice angeuliza kwanza: unafanya kazi gani, na unashika nini?

Wachungaji na viongozi wa wamama, tuulize vivyo hivyo tunapotembelea wagonjwa. Zebaki isichomwe nyumbani, na mwenye mimba apewe kazi nyingine. Kumlinda asiyezaliwa bado ni sehemu ya utume wetu.