JY1, Mfalme wa Hewani

Sisi wa shule ya kutwa tukimaliza kazi ya nyumbani usiku huwa tuna nafasi kidogo. Mimi huchukua redio ya babu ya mawimbi mafupi. Ukiizungusha polepole unasikia stesheni tatu zimepandana, hujui ushike ipi. Kelele hizo ndizo zilizonifanya nimsome Mfalme Hussein wa Jordan.

Alizaliwa Amman tarehe 14 Novemba 1935. Mwaka 1951, akiwa na miaka 15, alikuwa kando ya babu yake, Mfalme Abdullah, babu alipouawa kwa risasi katika Msikiti wa Al-Aqsa, Jerusalem. Risasi nyingine ilimlenga yeye, ikadundishwa na nishani kifuani. Mwaka uliofuata babake aliondolewa kwa sababu ya ugonjwa, kijana akawa mfalme. Miaka 16, umri wangu huu huu! Mimi hata ufunguo wa nyumba sipewi.

Baadaye akawa mwanaredio wa ridhaa. Jina lake la hewani lilikuwa JY1. Sasa sikilizeni: nchi yenye wanaredio wachache ni kama lulu kwa wenzao wa mbali. Sauti moja ikitokea huko, mamia huiita kwa pamoja. Anayejua kazi hapigi kelele tu. Kwanza husikiliza, apate kujua mwenyeji anapokea wapi, maana mara nyingi yeye husemea masafa haya na kusikilizia mengine ya karibu. Kisha hutaja jina lake la hewani mara moja, anyamaze. Akijibiwa, ni sekunde chache tu, na huyo mwingine anaingia.

Hussein hakujitapa kwa cheo. Hewani alijitambulisha kwa jina lake tu, Hussein. Mtu aliyenusurika risasi, anayelindwa mchana kutwa, hapo akiongea na yeyote yule, awe fundi au mwanafunzi.

Mwaka 1983 mwanaanga Owen Garriott alipanda na redio ndogo katika chombo Columbia. Safari hii stesheni adimu ilikuwa juu angani, dunia nzima ikiiita, na JY1 alikuwa mmoja wa waliozungumza nayo.

Alifariki tarehe 7 Februari 1999. Mwezi wa Desemba 2018 Jordan ilirusha setilaiti ndogo ya wanaredio, nayo ikaitwa JY1-SAT.