Mwalimu: Jina la Kazi Aliyoiacha

Viongozi wa Afrika waliopigania uhuru hawakukosa majina makubwa. Nkrumah wa Ghana aliitwa Osagyefo, yaani mkombozi. Banda wa Malawi akawa Ngwazi, shujaa asiyeshindwa. Kenyatta wa Kenya akawa Mzee. Kwetu Tanzania jina lililoganda ni la mtu wa chaki na ubao: Mwalimu. Ukiyaweka pamoja, la kwetu linaonekana dogo kweli. Lakini ndugu mwanachuo, jina hili lina habari yake, na sehemu ya habari hiyo inatuhusu sisi moja kwa moja.

Kabla ya kuwa Mwalimu alikuwa Kambarage, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyezaliwa Butiama Aprili 1922. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua, na inasimuliwa kwamba siku anazaliwa mvua ilimwagika. Jina la Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943, mwaka uleule alioingia Makerere kusomea ualimu. Alipomaliza alifundisha St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, na mwaka 1952 akarudi na shahada ya M.A.. Kwa Mtanganyika wa wakati ule hiyo ilikuwa shahada ya kutafuta kwa tochi.

Akapata kazi ya kufundisha St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Siku za kazi yuko darasani, nafasi ikipatikana anashuka mjini kwenye siasa. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa, yeye akiwa rais wake. Machi 1955 akasafiri hadi New York kuitetea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya kikoloni haikufurahi. Aliporudi ikabidi achague: darasa au chama. Akaacha kazi, huku ana mke na familia changa ya kulisha.

Hapa ndipo penye utamu wa jina lenyewe. Watu walimwita Mwalimu, na wakaendelea kumwita hivyo miaka zaidi ya arobaini baada ya kuacha ajira ya ualimu. Wengine waliitwa kwa cheo walichopata. Yeye aliitwa kwa kazi aliyoipoteza kwa ajili yao.

Jina hilo halikubaki pambo. Alipokuwa Ikulu alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Mwaka 1967 alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na miaka ya sabini watu wazima walijaa madarasa ya jioni kujifunza kusoma na kuandika. Mwaka 1977 ukaja mpango wa UPE, kila mtoto aende shule. Walimu wa kutosha hawakuwepo, wengine walitolewa darasa la saba na kupewa mafunzo ya haraka. Ubora uliyumba, hilo halina ubishi. Ila wengi wetu tukiulizia ukoo, tutamkuta bibi au babu aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza enzi hizo.

Lakini mwalimu, kama tunavyojua wote, ana chaki na ana fimbo. Oktoba 1966 wanachuo wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lingewachukua baada ya masomo na kuwaachia asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda. Leo tungesema waligoma kwa ajili ya bumu. Akawasikiliza, halafu akawaka. Karibu wanafunzi 400 wakatimuliwa chuo siku hiyohiyo. Hapo hakuna aliyedisko kwa kufeli mtihani, wote waliondoka kwa neno la mtu mmoja. Wengi walirudishwa baadaye. Papo hapo pia akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wa wakubwa wenzake ukakatwa. Adhabu ilimgusa na mwenye fimbo.

Fimbo hiyo haikuishia kwetu. Wapo waliowekwa kizuizini bila kesi chini ya sheria ya mwaka 1962. Wapo wanavijiji waliohamishwa kwa nguvu miaka ya sabini kwenda vijiji vya ujamaa, wakaacha nyumba na mashamba. Mtaani nako palikuwa na jina lake jingine, Mchonga, kwa sababu ya meno yake yaliyochongwa kwa mila ya Kizanaki. Jina la redioni lilikuwa Mwalimu, hilo la pili lilikuwa la kijiweni, watu wakitaka kumsema bila kumuogopa.

Aling'atuka Novemba 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London Oktoba 14, 1999, na akazikwa kijijini kwake.

Kila Oktoba tunalitaja jina hilo kwenye makongamano kama vile ni dua, halafu tunakula wali na kuondoka. Tungemtendea haki zaidi kama tungemhoji jinsi mwanafunzi mzuri anavyomhoji mwalimu wake: tukubali alichotufundisha, na tusione haya kuuliza kwa nini wale 400 walifungishwa virago. Hata wao walikuwa darasani kwake.