Shaaban Robert: Mwandishi Aliyepima Maneno

Shaaban Robert alizaliwa mwaka wa 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Alisomea Dar es Salaam kuanzia mwaka wa 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Wakati huo Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza. Aliifanya kazi ya forodha hadi mwaka wa 1944, na baadaye akahudumu katika ofisi nyingine za serikali, ikiwemo ya upimaji wa ardhi mjini Tanga. Alifariki mwezi wa Juni 1962, miezi michache tu baada ya nchi yake kupata uhuru.

Mwanafunzi ayakumbuke maisha haya anaposoma kazi za mwandishi huyu. Shaaban Robert alikula mshahara wa serikali ya kikoloni, naye aliyaona maonevu yake. Kuikosoa waziwazi kungemponza. Kwa hivyo alilipima kila neno kabla ya kulitumia, hasa majina.

Tazama riwaya ya Kusadikika, iliyochapishwa mwaka wa 1951. Jina hilo linatokana na kitenzi 'sadiki', yaani amini. Hata hivyo, nchi yenyewe inaelea hewani, jambo lisiloaminika. Hiki ni kinaya. Mtawala wa kikoloni angeweza kuisoma kama hadithi ya nchi ya ajabu. Msomaji makini aliiona nchi yake mwenyewe. Waziri anayeshtaki anaitwa Majivuno, na mshtakiwa anaitwa Karama. Kosa la Karama ni kutaka watu wafunzwe sheria. Kabla kesi haijasikizwa, majina yamekwisha kutudokezea nani ana kiburi na nani anastahili heshima. Mbinu hii huitwa majazi.

Katika Adili na Nduguze (1952), ndugu wa Adili ni Hasidi na Mwivu. Maneno haya yanakaribiana kimaana, lakini hayalingani. Mwivu huumia moyoni anapoona mwenzake amepata. Hasidi hutaka mwenzake aangamie. Mwandishi asiyejali lugha angeona jina moja linatosha kwa tabia zote mbili.

Mhusika mkuu wa Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa baada ya kifo cha mwandishi, anaacha kazi ya mshahara na kurudi shambani. Jina lake limeunganisha maneno mawili ya kawaida, utu na bora, nalo linabeba dhamira ya kitabu kizima.

Funzo kwa mtahiniwa ni hili: usiyapite majina kama vibandiko tu. Jiulize kwa nini mwandishi aliteua neno hilo, akaacha mengine yanayokaribiana nalo.

Zoezi
Teua wahusika watatu katika kitabu unachosoma. Eleza jinsi majina yao yanavyooana au kukinzana na matendo yao. (alama 6)