Alexander Merensky

Alexander Merensky (Panten, Silesia, 8 Juni 1837 – Berlin, 22 Mei 1918) alikuwa mmisionari Mlutheri kutoka Ujerumani, wa shirika la Misheni ya Berlin. Anajulikana hasa kwa kuanzisha kituo cha Botshabelo katika Afrika Kusini pamoja na ngome yake ya mawe, ambayo leo ni jengo la kihistoria linalolindwa na sheria. Huku Tanzania anakumbukwa kama kiongozi wa msafara ulioleta Ulutheri katika nchi ya Wanyakyusa, wilayani Rungwe, mwaka 1891.

Maisha ya awali

Merensky alisomea kazi ya umisionari Berlin na kupata pia mafunzo ya tiba, ambayo yalimsaidia maisha yake yote. Alifika Afrika Kusini mwaka 1859 pamoja na Heinrich Grützner. Walijaribu kwanza kuingia kwa Waswazi wakakataliwa, ndipo mwaka 1860 wakafungua kituo cha Gerlachshoop kati ya Wakopa wa chifu Boleu. Mwaka uliofuata mfalme Sekwati wa Wapedi aliwaruhusu kufanya kazi nchini mwake, lakini alifariki mwaka huohuo na nafasi yake ikashikwa na mwanawe Sekhukhune.

Kwa muda Sekhukhune aliwavumilia. Baadaye aliona kwamba waliobatizwa wanamsikiliza mwalimu wao kuliko mfalme, tena baadhi yao walikuwa watu wa ukoo wake. Mwaka 1864 Wakristo walianza kupigwa na kunyang'anywa mali. Mwaka huohuo Wakopa walishambuliwa na Waswazi, na Boleu akauawa. Mwishoni mwa mwaka Merensky alitoroka usiku na mkewe Marie, mtoto wao mchanga na kundi la waumini.

Botshabelo na ngome yake

Mwezi Februari 1865 alianza kituo kipya kwenye shamba alilolinunua karibu na mahali ulipo sasa mji wa Middelburg. Kituo kiliitwa Botshabelo, maana yake mahali pa kukimbilia. Wapedi na Wakopa waliofukuzwa walikusanyika hapo, na kwa kuwa walihofia kwamba Sekhukhune angewafuata, kazi ya kwanza ilikuwa kujenga ngome juu ya kilima kinachotazama kituo.

Ngome hiyo iliitwa Fort Wilhelm kwa heshima ya mfalme wa Prussia. Baadaye ikapewa jina la Merensky mwenyewe. Ukiitazama kwa mbali unaona umbo la kasri la Ulaya ya kale: mnara, kuta nene na matundu membamba ya kupitishia mtutu wa bunduki. Ukisogea karibu unakuta kazi ya mikono mingine. Mawe yamepangwa moja juu ya jingine kwa ufundi wa Wasotho, ambao tangu zamani walijenga kuta za maboma na mazizi bila chokaa wala saruji. Merensky alileta umbo alilolijua kutoka kwao, lakini waliojua kulisimamisha kwa mawe ya kilima kile walikuwa wakimbizi wenyewe. Ndiyo sababu si sawa kuiita ngome ya Kijerumani tu, ingawa vitabu vingi hufanya hivyo.

Chini ya kilima kilikua kijiji kikubwa chenye kanisa, shule, kinu cha kusagia nafaka, karakana ya magari ya ng'ombe na mtambo wa kuchapa vitabu. Baadaye kilipata pia chuo cha walimu.

Hata hivyo ardhi ilikuwa ya misheni, na wakazi waliishi chini ya kanuni zake pamoja na madai ya kodi na kazi. Johannes Dinkwanyane, ndugu wa Sekhukhune kwa baba, aliyeacha ukoo wake kwa ajili ya imani, hakukubali kubadilisha mtawala mmoja kwa mwingine. Mwaka 1873 aliondoka na mamia ya wafuasi, akaanzisha kijiji huru chini ya usimamizi wake mwenyewe. Alibaki Mkristo. Aliuawa mwaka 1876 katika vita vya Makaburu na Wapedi.

Mchoraji Gerard Sekoto alizaliwa Botshabelo mwaka 1913. Katika miaka ya 1970 serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamisha wakazi kwa nguvu, hivyo ngome ikahifadhiwa na watu waliojengewa wakaondolewa. Baada ya ubaguzi kuisha wazao wao walidai ardhi wakarudishiwa.

Ramani, vita na maandishi

Merensky alichora ramani ya Transvaal, na ndiye aliyempa Karl Mauch habari za magofu ya Zimbabwe Kuu kabla Mauch hajayafikia mwaka 1871. Katika vita vya Makaburu na Waingereza vya 1880–1881 aliwatibu majeruhi wa Makaburu. Alirudi Ujerumani mwaka 1882. Mwaka 1886 ilichapishwa insha yake kuhusu namna ya kumzoesha Mwafrika kazi za mashamba ya Wazungu. Ni maandishi yanayoonyesha wazi jinsi mawazo yake yalivyokuwa karibu na ya wakoloni.

Safari ya Ukonde

Mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliweka kaskazini mwa Ziwa Nyasa upande wa Wajerumani. Merensky, akiwa na miaka 54, aliongoza kundi la Misheni ya Berlin kupitia mito ya Zambezi na Shire hadi ziwani. Wamoraviani, chini ya Theodor Meyer, walikuwa wametangulia kidogo na kuanza Rungwe mwezi Agosti 1891. Pande hizo mbili zikakubaliana: Wamoraviani magharibi, Waberlin mashariki. Mji wa Tukuyu ulikuwa bado haujaanzishwa.

Kituo cha kwanza kiliitwa Wangemannshöhe, kwa jina la mkurugenzi wa misheni, na kufuatiwa na Manow mwaka 1892. Wanyakyusa, walioitwa Wakonde na Wajerumani, hawakuwa wajenzi wa mawe. Nyumba zao za mviringo zilikuwa za mianzi, kuta zikiinama nje kidogo, na kati ya mianzi wakipachika matofali madogo ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono. Wageni wa Ulaya walizisifu kwa usafi na uzuri.

Merensky hakukaa muda mrefu. Alirudi Berlin, na mwaka 1894 akatoa kitabu kuhusu kazi ya Nyasa. Mwanawe Hans, aliyezaliwa Botshabelo mwaka 1871, alikuwa mwanajiolojia mashuhuri, na mwamba wenye madini ya platini wa Afrika Kusini unaitwa kwa jina la familia hiyo. Makanisa yaliyotokana na kazi ya Waberlin katika eneo la Rungwe sasa ni sehemu ya Dayosisi ya Konde ya KKKT, yenye makao makuu Tukuyu.