Dk. Livingstone: Tabibu aliyekufa na maumivu yake

WENGI wetu tunaovuka Ziwa Mweru kwa biashara, pamoja na ndugu zetu waliorudi Kongo baada ya miaka mingi katika kambi ya Kala, tunalijua jina la Livingstone kama jina la mji ulioko kusini mwa Zambia. Wachache wanakumbuka kwamba mwenye jina hilo alifika kwenye ziwa letu Novemba 8, 1867. Wachache zaidi wanakumbuka kwamba alikuwa tabibu.

Leo nimeona niusimulie utabibu wake, kwa sababu unagusa swali linaloweza kumfikia yeyote kati yetu. Uko hospitali, unasubiri kushonwa jeraha, kung'olewa jino au kutahiriwa, kisha unaombwa kushiriki katika utafiti wa dawa ya kupunguza maumivu. Utajibu nini?

David Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari kibarua katika kiwanda cha pamba. Alisoma usiku baada ya kazi, akaingia chuo cha Anderson mjini Glasgow mwaka 1836, na mwaka 1840 akapata cheti cha utabibu. Ikumbukwe kuwa wakati huo nusukaputi ilikuwa bado haijaanza kutumika hospitalini. Mgonjwa alishikwa na watu wenye nguvu, akakatwa huku akiona, na sifa kubwa ya mpasuaji ilikuwa wepesi wa mkono.

Mwaka 1844, akiwa Mabotsa, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, simba alimrukia na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto, karibu na bega. Mfupa huo haukuunga sawasawa hadi kufa kwake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1857 alieleza kwamba, akiwa mdomoni mwa simba, hakuhisi maumivu wala hofu. Alijifananisha na mgonjwa aliyelewa nusukaputi kidogo, ambaye anaona upasuaji wote lakini hakisikii kisu.

Aliweza kutoa mfano huo kwa sababu mambo yalikuwa yamebadilika. Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, mgonjwa alipasuliwa akiwa amelazwa kwa etha mbele ya madaktari. Novemba 1847, mjini Edinburgh, Dk. James Young Simpson na wenzake wawili walivuta klorofomu mezani nyumbani kwake, wakaanguka chini wakiwa hawajitambui. Siku chache tu baadaye alianza kuwapa akina mama waliokuwa wakijifungua. Hapakuwa na fomu ya ridhaa, wala kamati ya kumlinda mgonjwa.

Livingstone naye alifanya majaribio yake. Alitengeneza vidonge vya homa kwa kuchanganya kwinini na dawa za kuharisha, akawapa watoto wake mwenyewe mwaka 1850, na baadaye watu wa msafara wake wa Zambezi. Hivyo ndivyo dawa zilivyopimwa zama hizo: mwenye dawa aliamua, na mgonjwa akameza.

Lakini zamu yake ya kuwa mgonjwa ilipofika, alikataa. Alisumbuliwa mno na bawasiri, na aliporudi Uingereza mwaka 1864 alishauriwa apasuliwe. Nusukaputi ilikuwapo. Alichoogopa ni siri ya ugonjwa wake kuanikwa magazetini. Akarudi Afrika na ugonjwa wake.

Alipitia Zanzibar, akaanza safari ya bara mwaka 1866. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa, naye akaona kama amehukumiwa kifo. Alipofika Mweru alikuwa akisafiri na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, watu wa kazi kama yetu. Kwa Mwata Kazembe alimkuta mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa huko miaka mingi. Safari za baadaye zilimmaliza. Alitokwa na damu nyingi, akafariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo. Mjini London ulitambuliwa kwa mfupa ule uliovunjwa na simba.

Ndugu msomaji, siwezi kusema kuwa upasuaji ungemwokoa. Ninachosema ni kwamba jambo lililomtisha, yaani kuvuja kwa siri, leo lina kinga. Utafiti wa tiba nchini Zambia ni lazima upitiwe kwanza na kamati ya maadili, na jina la mshiriki hutunzwa kwa siri.

Nasi wa ziwani si wageni wa mambo haya. Kati ya mwaka 2010 na 2013, wajawazito wa Nchelenge walishiriki katika utafiti wa dawa za malaria uliohusisha wanawake 3,428 wa Burkina Faso, Ghana, Malawi na Zambia. Kuhusu maumivu, mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, ambapo wanaume na wavulana waliokuwa wakitahiriwa walipewa ama ganzi ya kupaka, ama ganzi ya sindano, ili zilinganishwe. Bila watu kama hao kukubali, daktari angebaki kubahatisha.

Kwa hiyo ukiombwa, usikimbie, wala usitie dole gumba kwa haraka. Omba uelezwe kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili au Kibemba. Uliza dawa ipi inalinganishwa na ipi, na nani anaamua upewe ipi. Mara nyingi huwa ni kama kupiga kura. Uliza utapewa nini papo hapo kama maumivu yatazidi. Uliza nani atagharamia matibabu ukidhurika. Una haki ya kukataa, na hata ya kujitoa katikati, bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Kwetu sisi wavukaji kuna jambo moja zaidi. Utafiti huwa na siku za kurudi kuchunguzwa. Kama siku hiyo utakuwa Pweto au Kilwa na mzigo wa samaki, sema mapema, wakuambie kama nauli hurudishwa au kama ni heri usijiunge. Anayepotea katikati anajinyima uangalizi, na anaacha pengo katika majibu ambayo mgonjwa mwingine anayasubiri.

Livingstone aliwapa wengine dawa bila kuwauliza, naye akakataa kisu kwa kuiogopea siri yake. Sisi tunaulizwa, na siri zetu zina ulinzi. Tuitumie nafasi hiyo kwa kuuliza na sisi.